Barua ya wazi kwa wakubwa wa maji Mombasa: chupa mlizojaza kisimani kwetu, majibu yako wapi?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia maji, maji taka na mazingira ya pwani hapa Mombasa, pamoja na wataalamu wenu wa utafiti,

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote.

YAH: MAJIBU YA VIPIMO VYA VISIMA NA HORI LA TUDOR, UPANDE WA MISHOMORONI NA JUNDA

Mimi ni katibu wa kamati ya kisima mtaani kwetu Mishomoroni, huku Kisauni. Naandika hapa mbele ya kila mtu kwa sababu mlango wenu tumeugonga mpaka vidole vyauma. Barua ya kwanza tuliileta kwa mkono ikapigwa muhuri, nakala ninayo. Ya pili pia ninayo. Ofisini tumekuja mara tatu, mara ya kwanza mkubwa yuko mkutanoni, mara ya pili kasafiri Nairobi, mara ya tatu tukaambiwa faili haionekani tuandike upya. Kamati yetu ni watu saba na wanne kati yao ni kina mama wauzaji wa mahamri na viazi karai, siku wakishinda kwenye benchi lenu hiyo siku nyumbani haingii kitu. Ofisi siitaji wala mtu simtaji, anayehusika anajijua, na haja yangu si kumwaibisha mtu, haja yangu ni karatasi ya majibu.

Kwa wasiojua kisa, walikuja vijana wamevaa fulana za mradi na gari la mradi, wakavuta maji kwa ndoo yetu wenyewe, wakajaza chupa nne wakazitia kwenye boksi la barafu. Wakapiga namba kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kisima. Tukatia sahihi karatasi zao. Mamangu akawakaribisha maji ya ukwaju, na kabla ya kuondoka wakatuambia wiki mbili tu majibu yatakuwa tayari. Masika ikapita, vuli ikapita, na masika nyingine ikapita, sasa ile namba imeanza kuchujuka na watu bado wanachota pale pale kwa sababu hawana pengine pa kuchota. Huko nyuma wamepita wengine pia, wa mradi huu, wa mradi ule, wanafunzi wa chuo na madaftari yao, na wote tumewapokea vizuri kwa sababu twaamini elimu. Mimi mwenyewe nimeshika tepu kuwasaidia kupima umbali. Sipingi utafiti hata kidogo, na nauheshimu kiasi kwamba kilichomo ndani yake ndicho nakitaka.

Sasa haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Majibu ni haki yetu

Katiba ya 2010 kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya 2016 yasema ombi lijibiwe ndani ya siku 21. Siku 21, na sisi twahesabu masika. Kifungu cha 43 nacho chataja maji safi na salama ya kutosha na usafi wa kiwango kinachofaa. Haya nyinyi mwayajua kuliko mimi.

Lakini wacha niseme kwa nini hii karatasi ni kubwa hivi kwetu. Watu huku wanachemsha maji, wengine wanatia dawa ya klorini, wakishafanya hivyo wanakuwa na amani. Sawa, bakteria wa kuharisha na kipindupindu wanakufa. Lakini maji yaliyoingiwa na uchafu wa choo huwa pia na nitreti, chumvi ya naitrojeni inayoyeyuka majini, na nitreti haifi kwa moto wala kwa klorini, ukichemsha sana ndio kwanza yazidi kukolea kwa sababu maji yamepungua na yenyewe imebaki. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri. Kwa hiyo mama aliyechemsha maji yake kwa makaa ya bei ghali, akafunika sufuria vizuri, akamkorogea mwanawe, hajui kama amemkinga au amemdhuru. Mnaojua ni nyinyi, chupa iko kwenu. Hebu kaeni na hilo neno kidogo, waheshimiwa.

Hatuombi magrafu. Twataka kuambiwa kisima namba hii maji yake ni ya kunywa, kile ni cha kufulia na kuoshea, kile kingine kifungwe. Hivyo tu.

2. Choo na kisima viko ndani ya jiwe moja

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mzizi wa mambo ulipo.

Kisauni sehemu nyingine ni mchanga na sehemu nyingine ni jiwe la matumbawe. Mtu yeyote aliyewahi kuchimba shimo huku anajua, unapiga sururu mara unaingia kwenye pango, mara ufa, mara mchanga tena. Kanuni ambayo mafundi huitaja sana ni choo cha shimo kiwe mita 30 kutoka kisimani na chini ya shimo pabaki kama mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji. Kanuni hiyo inategemea udongo unaochuja pole pole. Jiwe la matumbawe lenye mianya halichuji, maji yakipata ufa yanakimbia, kwa hiyo hata hizo mita 30 sio kinga ya uhakika, na sisi plot zetu hazina hata hizo. Kutoka kisima chetu hadi choo cha karibu ni hatua kumi na mbili, nimehesabu mimi na vijana wenu wakihesabu.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wetu walilijua kabla ya mafundi, bahari ikijaa kwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji ya kisima nayo hupanda. Bahari na maji ya chini vinasukumana. Wakati huo kwa walio karibu na hori, ule mkono wa bahari wa Tudor, shimo la choo linaingia maji kwa chini, yakipwa yanarudi na kilichomo. Sasa nyinyi mlikuja kuchota sampuli mara moja tu, asubuhi, wakati wa kaskazi, jua kali na ardhi kavu. Mwezi wa tano mvua zikimwagika na mashimo yakifurika hakuja mtu. Mara moja ya kaskazi yawezaje kuelezea mwaka mzima? Mimi si mtaalamu wa maabara lakini hilo swali nawauliza kwa heshima na nataka jibu lake, kwa sababu nahofia hata majibu yakija yatakuwa ya siku nzuri peke yake.

Na chumvi je. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji tamu, kwa hiyo huku pwani maji tamu yanaelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila mita moja ya maji tamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji tamu chini yake. Igeuze hiyo hesabu, ukivuta mpaka maji yakashuka mita moja, chumvi chini yaweza kupanda kama mita 40 kadiri miaka inavyokwenda. Na sasa hivi kila jumba jipya linachimba bohoo yake, kisima kirefu cha mashine, na pampu inaunguruma usiku na mchana. Visima viwili mtaani kwetu vilivyokuwa tamu nikiwa mdogo leo chai yake hainyweki. Nani anahesabu bohoo hizo? Nani anapima chumvi yake? Kama kuna daftari tuonyeshwe.

3. Mikoko ya hori la Tudor si chujio lenu la bure

Hori letu linapokea mito miwili midogo kutoka bara, Kombeni na Tsalu, linapokea bahari mara mbili kila siku, na linapokea maji taka yetu, ya kisiwani na ya bara pande zote mbili. Pale tunaposhuka kwenda Junda kuna bomba linamwaga kwenye mikoko, maji meusi, harufu yake twaijua kwa mwelekeo wa upepo. Tulipouliza tuliambiwa kwa mdomo "hapo hakuna shida, mikoko inasafisha, utafiti umeonyesha."

Basi nikautafuta huo utafiti. Ni kweli katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mradi wa PUMPSEA uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ukaangalia mikoko ya karibu na miji, Mikindani hapa kwetu, Dar es Salaam, na Maputo kule Msumbiji, kuona kama yaweza kusaidia kuchuja maji taka ya majumbani. Na kweli mikoko na tope lake hushika sehemu ya naitrojeni na fosforasi. Lakini mkisoma mpaka mwisho maneno sio hayo mliyotuambia. Maji yakitoka bombani na bahari ikapwa yanapita mbio kabla mikoko haijafanya kazi yake, na vijidudu vya kinyesi haviishii vyote pale, vingine vinakwenda na maji.

Kuna kitu kimoja kwenye tafiti za mikoko ya huku Afrika Mashariki kilinigusa mpaka nikawasomea watoto wangu. Wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa, kazi yao ni kuchimba na kupindua tope siku nzima wakitafuta chakula, na kule kuchimba ndiko kunapitisha hewa kwenye mizizi. Kwenye tope la maji taka chakula ni kingi, kaa anashiba mapema, anachimba kidogo kuliko mwenzake wa mikoko safi. Kwa hiyo wewe ukipita ukaangalia waona kaa wamejaa na majani ni kijani kabisa, waandika kwenye ripoti pako salama, kumbe kazi ya chini imepungua na hakuna anayeiona. Mimi nimezaliwa hapa na nimekuwa nikiwaangalia hao kaa tangu utotoni, na sikuwahi kujua hilo.

Kisha kuna watu. Bahari ikipwa kina mama na watoto wanashuka kuokota kombe na chaza kwenye mizizi ile ile. Chaza anakula kwa kuchuja maji, uchafu mwingi uliomo majini unabaki mwilini mwake, na yule chaza ndiye kitoweo cha jioni. Wavuvi wa mitumbwi wanaoga kwenye maji hayo wakirudi. Mnaposema mikoko inasafisha muwakumbuke na hao walio ndani ya mikoko.

Na mfano mzuri hatuna haja ya kuutafuta Ulaya. Hapo Shimo la Tewa, gerezani, maji machafu yalikuwa yanaelekea hori la Mtwapa, mwishoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa wa mazingira ukasaidia kujenga bwawa la matete la kusafisha. Mafundi huanza kwa kutuliza uchafu mzito kwenye matangi, kisha maji yanapita pole pole kwenye kokoto na mizizi ya mimea, halafu ndio yanatoka. Kitu kama hicho hakihitaji mitambo ya kutisha, chahitaji ardhi kidogo, mtu wa kukitunza, na bajeti ya kukitunza kila mwaka, hapo kwenye bajeti ya kutunza ndipo mambo mengi hufia. Lakini inawezekana, na imewahi kufanyika hapa hapa Mombasa. Kutengeneza bwawa la matete ni kazi ya ufundi, kuelekeza bomba kwenye mikoko si ufundi wowote.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka mpaka kwamba maji taka yakimwagwa kwenye mazingira uchafu unaokula oksijeni, ule wanaouita BOD, usipite miligramu 30 kwa lita. Bomba la Junda liko ngapi? Mmepima, tuliwaona mkipima.

4. Maji ya Mwache yakija, yatatokea wapi?

Bwawa la Mwache, lile la kutuletea maji mjini kutoka Kwale, tumelisubiri kwa hamu, sitaki mtu aseme napinga. Tangu zamani mji huu unategemea vyanzo vya maji vya Mzima, Marere, Tiwi na Baricho na maji hayatoshi, hata nusu ya mahitaji hayafiki, ndio maana mkokoteni wa mitungi ni sehemu ya maisha yetu. Mwache imetangazwa itatoa takriban lita milioni 186 kwa siku. Alhamdulillahi.

Lakini wahandisi wenyewe hukadiria kwamba kama asilimia 80 ya maji yanayoingia majumbani hutoka kama maji taka. Fanyeni hesabu, kama yote yangeingia majumbani ni karibu lita milioni 149 kila siku. Mabomba ya maji taka mji huu yako sehemu za kisiwani na sehemu za bara magharibi, sisi Kisauni twategemea mashimo na matangi ya septiki, wenzetu wa Likoni hivyo hivyo. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 kaunti nzima na tumeongezeka tangu hapo. Leo mtu akioga kwa ndoo moja shimo linavumilia. Kesho akifunguliwa mfereji na choo cha kuvuta, lile shimo lililo hatua kumi na mbili kutoka kisimani litabeba nini? Mabomba ya kuleta yana ramani na wafadhili na sherehe za kukata utepe, ya kutoa mbona hatuyasikii kwenye sentensi hiyo hiyo?

5. Magari ya kunyonya vyoo

Hili fupi. Hayaingii vichochoroni, bei yake familia nyingi haziwezi, na wanaoweza hawajui gari likitoka hapo linakwenda kumwaga wapi. Usiku tumesikia lori likishuka ufuoni. Tunataka kujua pahali rasmi pa kumwaga upande huu wa Nyali na Kisauni ni wapi, na kama hapapo mseme hapapo.

Najua mtasema

Mtasema pesa hakuna. Kutuma karatasi ya majibu ni pesa gani? Vipimo vilishalipiwa, kilichobaki ni kutuma ujumbe kwa simu, hata picha ya karatasi yatosha.

Mtasema tutaleta taharuki, watu wakijua maji ni machafu watafanya fujo. Waheshimiwa, watu waliofichwa habari ndio huleta fujo, na watu wangu si watoto. Tulipoambiwa wakati wa korona tunawe mikono tulinawa, tena kwa maji hayo hayo. Mtu akiambiwa kisima hiki kina shida atachota kingine, atavuna mvua kwa tangi, atachanga na jirani yake. Asipoambiwa ataendelea kunywa.

Mtasema sisi ndio tuliojenga ovyo, vyoo karibu na visima, bila vibali. Kwa kweli kuna ukweli hapo na siukimbii. Baba zetu walichimba kisima kwanza, wapangaji wakaja, vyumba vikaongezeka, choo kikawekwa pale palipobaki. Lakini wakati vyumba vinaongezeka ushuru ulikuwa unachukuliwa, na hakuna siku hata moja mtu alikuja na tepu akatuambia choo hapa hapana. Tepu tuliiona mara ya kwanza kwa watafiti.

Na mtasema utafiti bado unaendelea, haujachapishwa, data ni mali ya mradi. Hili ndilo laniuma zaidi kuliko yote. Ripoti yenu yaweza kusubiri jarida lake, mimi siingilii, lakini kiwango cha kinyesi kwenye ndoo ya mtu hakiwezi kusubiri jarida. Maji yalitoka kisimani kwetu, idhini tulitia sisi, na magonjwa yakija tutayaugua sisi.

Watu wa Owino Uhuru, upande wa pili wa hori, walipougua kwa madini ya risasi ya kiwanda cha betri ilibidi waende kortini, 2020 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda na kushuka, na Mahakama ya Juu ikawarudishia haki yao Disemba 2024. Miaka yote hiyo, na waliokufa hawakurudi. Sisi hatutaki kufika kortini. Twataka kukaa nanyi.

Kwa hiyo tunachoomba ni hiki. Majibu ya visima vyote mlivyopiga namba Mishomoroni na Junda yaletwe ndani ya siku 21 kuanzia leo, kwa Kiswahili, kisima kwa kisima, yabandikwe msikitini, kanisani na kwa mzee wa mtaa. Vipimo virudiwe wakati wa masika na wakati wa bamvua, na vijana wetu wawili wafunzwe kuchota sampuli vizuri, kwa chombo kisafi sio kwa ndoo ya kisima, ili siku mradi ukiisha kupima kusiishe. Bomba la Junda liwekwe kwenye mpango, kama ni bwawa la matete ardhi ya kujadili ipo na wenyewe wako tayari kuzungumza. Daftari la bohoo lifunguliwe. Na kabla mfereji mpya haujafika Kisauni tuonyeshwe ramani ya maji taka yake, hata kama ni ya miaka kumi ijayo, tuione.

Kikao tutaandaa sisi, viti tutakodi sisi. Mje siku ya bamvua mwezi ukiwa mpevu, saa nne asubuhi maji yanakuwa yamekupwa kabisa na bomba linaonekana lote mpaka mdomo wake, mvae viatu vya tope. Kisima chetu ni kile chenye namba nyekundu, mkichelewa muulize watoto, namba yenyewe haisomeki vizuri tena.

Wenu kwa heshima,

Katibu, kamati ya kisima
Mishomoroni, Mombasa